Siku Nilipomnasa Baba Mkwe kwenye Nguzo ya Njiwa

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona haya. Huku kwetu milimani Itumba, enzi zile za Mwingereza, mwanamke aliyeolewa hakuthubutu kumkaribia baba mkwe: humtazami, husemi naye, humtaji jina, ukimwona njiani unapinda porini (hata kama una mtungi wa maji kichwani na huko kumejaa miba). Sasa mimi, mke mgeni ambaye hata msimu wa pili sijalima, nikamnasa wangu kwa ulimbo, mbele ya watu waliotoka kanisani.

Chanzo ni njiwa. Mume wangu alipokwenda kutafuta kazi migodini Rhodesia alinijengea kibanda chao juu ya nguzo uani, akaniachia jozi moja, akasema wakizaana nijue ananikumbuka. Makinda ya kwanza yakaliwa na paka pori. Nililia, siwafichi. Mama mkwe akasema njiwa wenyewe wanachafua ua, Jumapili baba mkwe aje aamue kama kibanda kibomolewe, na wakati huo ndani mlishaanguliwa makinda mengine.

Basi nikatumia akili (maana akili ninazo, msinidharau). Nikachemsha utomvu wa mkuyu mpaka ukawa ulimbo, ule ule wa kunasia ndege, nikaipaka nguzo kuanzia chini hadi mkono wangu ulipofika, nikajisemea, njoo sasa, mwizi wee. Kumwambia mtu hata sikuwaza.

Jumapili baba mkwe akaja na wazee wa kanisa, kavaa koti lake la pekee, akasimama karibu kabisa na nguzo akiwaonyesha kibanda. Mimi nimejibanza nyuma ya jiko, jasho linanitoka. Nimwite? Jina lake silitamki. Nimwendee? Mwiko. Nikaona nirushe gunzi limwangukie miguuni asogee, lakini gunzi likapiga kibanda, njiwa wakaruka, naye akashtuka, akarudi nyuma, mgongo wote ukatua kwenye nguzo.

Wazee wakamvuta, koti halibanduki, nguzo ikaanza kuyumba, na huko juu nikasikia makinda yanalia. Hapo mila zote zikanitoka kichwani, nikakimbia nikaikumbatia nguzo kwa upande wa pili isianguke, na mimi nikanasa, mikono, kaniki, shavu. Mimi huku, baba mkwe kule, kati yetu mti tu, na wazee wanacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkwe, kwa kuwa hawezi kusema nami, akasema na nguzo.

"Wewe nguzo, mwambie mwenye njiwa, hakuna paka atakayefika juu. Mimi mwenyewe nimeishia hapa."

Nami nikaijibu nguzo, shavu limebanwa: "Nguzo, mwambie baba, nimeshukuru. Na koti nitalifua."

Mama mkwe akaja na mafuta ya karanga akatubandua polepole (yeye hakucheka, siku hiyo wala kesho yake). Kibanda kikabaki, makinda yakaota manyoya, yakaruka. Koti nililifua mpaka vidole vikachubuka, lakini doa la mgongoni halikutoka, na baba alikwenda nalo kanisani hivyo hivyo kila Jumapili. Tangu hapo sijachemsha ulimbo tena, na nikitaka kupaka kitu chochote, hata udongo ukutani, natangaza kwanza ua mzima. Baba mkwe naye, kila alipokuja kwetu, alisimama katikati ya ua, mikono kifuani, mbali na kila kitu kinachoegemeka.