Uso wa Mzee Reveriani

Advera akishaamua jambo, usimpe ushauri. Utamaliza mate yako bure. Mimi ni jirani yake hapa Ulyankulu, nimeshajifunza.

Mwaka jana, baada ya mavuno, mama yake, Bibi Kankindi, alianza kulalamika kwamba haikumbuki tena sura ya marehemu mumewe. Picha pekee waliyokuwa nayo ililiwa na mchwa, na sasa hata ndotoni mzee Reveriani anamjia bila uso. Alilia kama aliyefiwa upya. Advera akasema atautengeneza uso huo, mama yake angali hai.

Rangi hakuwa nazo. Alikuwa na tumbaku tu, na jicho la kuichambua, maana kazi yake ni kutenga majani yaliyokauka kwa rangi zao: ya limau huku, ya chungwa kule, na yale meusimeusi kwenye lundo la mabaki lisilo na bei. Akayalainisha kwa kitambaa chenye unyevu, akayakata, akayabandika kwenye ubao kwa uji mzito wa muhogo. Nilimuuliza kama huyo baba atatundikwa au atavutwa. Aliendelea kubandika.

Alipomaliza akampelekea mama yake. Bibi aliutazama ule ubao, akauliza huyu bwana ni nani.

Nilimwonea huruma, ila kosa lilikuwa wazi. Alikuwa amemchagulia baba yake majani ya limau, daraja la kwanza, kana kwamba anampeleka sokoni. Mzee Reveriani alikuwa mweusi hasa, na miaka aliyochochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku ilimzidishia weusi, ikampa na kikohozi kilichomuua.

Advera hakulia. Alibandua jani moja moja, kisha akaenda kuliinamia lile lundo la mabaki ambalo alikuwa akilirundika kila msimu bila kulitazama. Akaniita nikaone. Nilikwenda shingo upande. Aliinua juani jani ambalo kwangu lilikuwa jeusi tu, nikaona lina wekundu, lina zambarau, na pembeni lina kijani kilichogoma kukauka.

"Hili ndilo shavu lake," akasema. "Na mimi kazi yangu ni kulitupa."

Akaanza upya. Uji ulipochacha alipika mwingine, jani lilipovunjika alitafuta jingine.

Jioni aliyomaliza aliuegemeza ubao kwenye ukuta wa jikoni, mama yake alipokuwa akiota moto. Safari hii Bibi Kankindi hakuuliza ni nani. Alipitisha vidole kwenye paji la uso, akashuka hadi kidevuni, kisha akamgeukia binti yake kwa hasira.

"Msogeze mbali na jiko," akasema. "Moshi ulishamtosha."