Ubeti wa Mwisho Niliomdai Mwalimu

Mwalimu amefariki. Mkewe alinipigia asubuhi nikiwa Kondele, chai bado moto mkononi, akasema sukari imemmaliza na mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwao karibu na Katito. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu hamkuijua sura yake, ila mmesoma shairi lake hapa hapa, lile la nguzo na mchwa, na baadhi yenu mliniandikia kulisifu. Leo inanibidi niwaambie nililolifanyia shairi hilo, na naona haya.

Alikuwa amestaafu kufundisha Kiswahili, na kila alipokuja Kisumu kuchukua dawa alipitia kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi ndiye mhariri wa ukurasa huu wa gazeti, na ni mkali kwa mashairi ya wasomaji; mizani ikipungua moja tu, narudisha. Siku aliyoleta shairi hilo alivaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, nikamtania kwamba fundi wa viatu amemtapeli. Alicheka kidogo, akaketi, akanisomea:

Nguzo yangu imeoza, mchwa wanakula ndani,
Nikate niegemee, fimbo ya watu njiani,
Niache iporomoke, nami nilale chumbani?

Mizani ilitimia na vina vya mwisho vilikaa. Nilichokosoa ni mwisho. Nilimwambia shairi halifungwi kwa swali, msomaji anataka msimamo. "Chagua, Mwalimu," nilisema, nikapiga mstari mwekundu pale. Akaniuliza kama ni lazima. Nikamjibu kwamba ni lazima.

Baada ya wiki mbili alileta ubeti mpya, na ndani yake mlikuwa na mstari huu: *Nguzo yangu msikate, mti ung'oke paani.* Mimi nilizaliwa upande wa milimani, huku nilikuja kuuza vitabu, na kwa miaka yote niliyokaa hapa nilidhani mti ule unaochomoza kileleni mwa paa ni pambo tu. Nikamshika mkono kwa furaha, nikamwambia sasa limekamilika. Likachapishwa.

Jumamosi, kule kwake, niliwaona wanaume wawili wakipanda kwenye nyumba ya zamani na kuutoa mti huo. Nikamuuliza jirani niliyeketi naye kulikoni. Akanieleza kwamba mti hukaa pale mwenye boma akiwa hai, na akifa huondolewa. Nikaukumbuka mstari wake: mti ung'oke paani.

Baadaye mjane alikuja kunisalimu. Alinieleza kwamba mguu ule ulikuwa na kidonda kisichopona, kwamba madaktari walitaka kuukata kabla sumu haijapanda mwilini, na kwamba kwa wiki nyingi Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana, watoto wakimlilia akubali. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Siku ametoka kwako na ile shairi, alituita sisi wote. Akasema hata mtu wa gazeti amesoma, amesema hivyo ndio iko sawa. Hakuongea maneno ya mguu tena. Sasa Bwana, wewe ulikuwa umeelewa nini?"

Nilielewa mizani.

Wenzangu wananifariji kwamba angekataa hata bila mimi. Huenda. Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloninyima raha. Yeye mwenyewe alifundisha miaka mingi vile wanavyofundisha walimu wote: tafuta istiari, ipigie mstari, taja jina lake, upate alama. Hakuna mtihani unaomuuliza mtoto ni nani anayeumia ndani ya istiari hiyo. Na wanaume wetu, wa ziwani na wa milimani vilevile, hawawezi kusema mezani "naogopa kukatwa, naogopa kufa". Wanaweza kusema nguzo, mchwa, fimbo. Mwalimu aliniambia yote aliyoweza kuyasema. Nami nikamsahihisha.

Mezani nina karatasi nyingine za wasomaji. Moja ni ya mama wa Obunga anayeandika juu ya mtumbwi wenye watoto wawili na nafasi ya mmoja. Nimempigia simu mara tatu, haipatikani. Huenda ni ushairi tu. Nitapiga tena kesho. Nanyi, mtu akiwaletea swali ndani ya shairi, msimdai jibu. Muulizeni kwanza anaumwa wapi. Mizani inaweza kungoja.