Mbasa wa Agnes wamekauka mezani

Leo, Jumatatu. Miaka ishirini sasa tangu ushirika wa kahawa ufe nami niondoke Mbinga.

Asubuhi mdogo wangu Agnes amepiga simu kutoka kwetu Lipingo, kando ya ziwa.

"Shikamoo kaka. Wale samaki, mbasa niliokutumia, umewala?"

"Marahaba. Bado."

"Wiki nzima? Wewe uliyekuwa ukininyang'anya vichwa mama akiepua chungu?"

Nikacheka. Nikasema nakumbuka nyumbani tu, ndiyo maana silali wala sisikii njaa.

"Zamani ukikumbuka nyumbani uliwamaliza siku hiyohiyo! Huo ni ugonjwa, kaka. Nenda hospitali."

Nimekwenda. Daktari amesema ni sonona, na inatibika. Nimeanza matibabu.

(Ninyi mnaonisoma, nani aliwahi kugundua kwamba mnaumwa?)

Agnes anataka nirudi anitunze. Ziwa bado naliota, lakini nitatibiwa hapa, alipozikwa mke wangu.

Sitarudi.