Moto Ule Ulikuwa Wangu

Tangu nyumba yangu iungue, watu huniuliza mtu afanye nini akiunguliwa, kana kwamba nimepata utaalamu. Nawajibu ninayoyajua. Usiingie ndani siku hiyohiyo, maana ukuta wa tofali mbichi uliopashwa moto unaweza kusimama siku mbili ndipo ukaanguka. Bati lililoungua usiliezeke tena, litashika kutu na mvua za vuli zitalitoboa. Nenda polisi ukachukue taarifa ya upotevu, kwa sababu bila karatasi hiyo hupati kitambulisho kipya wala kadi ya benki. Yote hayo niliyafanya.

La kwanza sikulifanya. La kwanza ni kusema moto umetoka wapi, kama unajua. Mimi nilijua kesho yake, nikanyamaza siku tisa, na katika siku hizo tisa mwanamke asiye na kosa aliitwa mchawi kwa sababu yangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa huku Chome, upande wa msitu wa Shengena. Niliijenga nilipostaafu ukarani kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na niliporudi mlimani nilirudi na tabia ya kukagua kazi za wengine. Umeme ulipofika kijijini, fyuzi yetu ikawa inakatika kila mke wangu alipowasha jiko la umeme alilopewa na binti yetu. Mke wangu akasema tumwite fundi kutoka mjini Same. Nilimjibu kwamba fundi yule hakumaliza hata kidato cha pili, na mimi nilifundishwa fizikia na mwalimu mwenye digrii.

Kwa hiyo nikachukua kipande cha waya mnene, nikakifunga mahali pa fyuzi. Fyuzi haikukatika tena. Nilijisifu mezani. Nilijua vizuri kabisa kwamba fyuzi kazi yake ni kukatika, nilishawahi kuijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Juu ya dari, waya zilimopita, nilikuwa nimepanga mahindi ya mbegu, magunzi na magunia ya katani.

Ilikuwa saa tano asubuhi, kiangazi, tukiwa shambani tunang'oa maharage. Mke wangu aliacha jiko limewaka na sufuria ya makande juu yake, kama alivyozoea. Tulisikia kelele, tukaona moshi unatoka chini ya mabati. Tulipofika, dari ilikuwa imeshaanguka sebuleni.

Watu walikimbilia ndiva. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo ambalo hukusanya maji ya mto, asubuhi yakafunguliwa kuingia mashambani kwa zamu. Siku ile lilikuwa tupu. Zamu ilikuwa ya jirani yangu, mjane anayeishi chini ya uzio wangu, na maji yote yalikuwa yameshaingia kwenye mboga zake.

Hapo lazima niseme jambo lingine. Miezi michache kabla, mimi niliiba zamu ya yule mama. Nilifungua ndiva alfajiri siku yake, nikijua anamuuguza mama yake na hatawahi kufika. Aliponikuta alisema mbele ya watu, "Hayo maji, jirani, iko siku utayatafuta usiyaone." Alisema kwa hasira, kama mtu yeyote aliyeibiwa angesema. Lakini nyumba ilipoungua na ndiva likakutwa tupu, watu waliyakumbuka maneno yale, wakayageuza kuwa laana.

Na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu alichofanya. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuja na tope mpaka magotini, amebeba ndoo ya maji machafu aliyoyachota kwenye mfereji wake mwenyewe. Yalipokwisha, akaanza kuchota tope kwa mikono na kuupaka ukuta wa jiko la nje. Jiko lile ndilo pekee lililopona, na ndimo tulimolala mimi na mke wangu baadaye. Nililala humo siku tisa nikiutazama ukuta wenye alama za vidole vyake.

Kesho yake asubuhi nilichokora majivu mahali palipokuwa na kisanduku cha swichi. Nikaipata fyuzi ya kigae, nyeusi kama mkaa, na waya wangu ukiwa bado umefungwa. Nyumba yote ilikwisha, waya ule ukabaki mzima. Niliitia mfukoni fyuzi pamoja na waya wake. Suruali haikuwa yangu, nilikuwa nimepewa na mtu mfupi, nayo fyuzi ilikuwa ikinigonga pajani kila nilipotembea.

Nilishuka Same kutafuta taarifa ya upotevu. Askari aliniuliza nini kimeungua, nikamtajia. Akaniuliza chanzo cha moto. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika fyuzi. Nikasema hakijulikani, naye akaandika hivyo kwa mwandiko mzuri.

Niliporudi mlimani neno lilikuwa limeshaenea. Mdogo wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, alikuwa ameshazungumza na wazee wenzake. Walikubaliana kuitisha msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kila kaya ilete mtu na jembe, wanisafishie kiwanja na kufyatua tofali. Walikubaliana pia kwamba yule mama asije. Kumzuia mtu msaragambo kwetu si jambo dogo. Hata mtu aliyegombana na kijiji kizima huitwa, akikataa ni juu yake. Yeye hakuitwa.

Jambo la pili lilikuwa biashara yake. Yule mama alikuwa akiuza maandazi pale kwenye mashine ya kusaga, na siku za gulio alikuwa akirudi nyumbani na beseni tupu kabla ya saa nne. Wiki ile alirudi na beseni lililojaa. Siku ya pili vilevile. Mke wangu aliniambia kwamba wanawake walikuwa wanapita mbele yake wakiwa wamewavuta watoto upande wa pili, wasije wakaomba.

Nilimweleza mdogo wangu ukweli siku ya saba, tukiwa wawili, tukipanga mabati yaliyoungua. Nilimwonyesha fyuzi. Aliigeuza mara mbili mkononi kisha akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu cha aibu.

"Kaka, hii kaifukie," alisema. "Watu wakijua uliichoma nyumba mwenyewe kwa ubahili, nani atakubebea tofali?"

Nikamwuliza na yule mama je. Akasema yule ni mwanamke mwenye nguvu, maneno yatapita, mvua zikinyesha watu watakuwa na mengine ya kusema. Na kwamba mtu wa umri wangu hajianiki mbele ya watoto. Nakiri kwamba maneno yake yalinipendeza. Yalikuwa maneno niliyokuwa nikijiambia mwenyewe.

Aliyeniamsha ni mke wangu. Alikuwa hajasema lolote tangu moto. Alipika, akafua nguo tulizopewa. Asubuhi ya siku ya nane, akiwa anapuliza moto wa mafiga, aliongea bila kunitazama.

"Msaragambo ni kesho. Usipowaambia wewe nitawaambia mimi. Lakini ukiniachia mimi, sitalala nyumba watakayoijenga. Nitashuka kwa binti yetu Same, nikae kwenye joto lake huko."

Mke wangu hawezi joto la Same. Hukaa siku mbili tu akaanza kuumwa kichwa. Nikajua hatanii.

Kesho yake walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine walikuja na majembe, wengine na matoroli, wanawake na madebe ya maji. Vijana wakanisalimu, shikamoo mzee, pole mzee, na kila pole iliniingia kama sindano. Mwenyekiti wa kitongoji alipotaka kugawa kazi, nikamwomba niseme kwanza. Mdogo wangu alinishika kiwiko. Nikautoa mkono wake.

Sikutoa hotuba. Nilitoa fyuzi mfukoni, nikaiinua waione, nikaeleza kitu hiki ni nini na waya ule aliufunga nani. Nikaeleza kwamba mke wangu aliniambia niite fundi nikakataa. Nikasema ndiva lilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa zamu halali ya jirani yangu, na kwamba mwizi wa zamu ndani ya kitongoji hiki ni mimi. Nikasema jiko lile limesimama kwa sababu ya mikono yake, kama hamuamini nendeni mkazione alama za vidole ukutani.

Kisha mzee mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye hakuendelea kwa kukosa karo, akauliza taratibu, "Kwa hiyo ndiyo ile fizikia uliyokuwa unatuambia?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami niliona nimestahili. Lakini si wote waliocheka. Baadhi waliokota majembe wakaondoka, na mmoja alisema wazi kwamba hawezi kuchubuka mikono kwa ujinga wa mtu mwenye pensheni. Sikumsihi. Mwenyekiti akatazama waliobaki, akasema kazi ni kazi, nyumba haijui aliyeiunguza, akagawa watu. Mdogo wangu hakushika jembe siku ile. Hajanisemesha vizuri mpaka leo, na mimi sijamwomba radhi. Nimeomba radhi kwa ninaostahili kuwaomba.

Mchana niliteremka kwa yule mama. Alikuwa anachambua mboga kizingitini. Nilisimama uani, nikamweleza nilichosema na mbele ya nani. Hakunikaribisha kiti.

"Ulisemea wapi?" aliuliza.

"Kwangu. Mbele ya msaragambo wote."

"Mimi hawakunisemea kwako, mzee. Walinisemea mashineni. Walinisemea kanisani baada ya ibada, na kule kwenye klabu ya dengelua, na gulioni. Nenda huko huko."

Nilidhani anasema kwa uchungu tu. Akanyanyua macho. "Nakuambia nenda. Kusema kwako ni kusema mahali unapojengewa."

Basi nikaenda. Jumapili nilimwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo. Alinishauri kwa upole kwamba mambo kama haya huzungumzwa faragha. Nikamwambia yule mama hakusengenywa faragha. Akanipa nafasi. Nilikwenda kwenye klabu ya dengelua, pombe yetu ya miwa ambayo siinywi, nikasimama mlangoni nikasema, wakaniambia nikae ninywe, nikasema nitasema tu. Nilisema mashineni, nikasema gulioni, nikasema hata kwa kinyozi. Nilishuka Same, nikamkuta askari yuleyule, nikamwomba aandike chanzo upya. Alisema wazee wengi huja kulalamikia wengine, si kujilalamikia wenyewe. Lakini akaandika.

Wapo walioanza kusema nimechanganyikiwa na moto. Binti yetu akapiga simu, akasema baba, watu wananipigia, wanasema unazunguka na kipande cha waya unajitukana. Alitaka tushuke tukakae kwake mpaka nitulie. Nikamwambia nimetulia kuliko nilivyowahi kutulia, na kwamba sishuki. Nikishuka, watasema nilimkimbia mchawi. Nitajenga palepale, vyumba viwili badala ya vinne, na waya atafunga yule fundi asiyemaliza kidato cha pili, naye akitaka chai atapewa chai.

Maneno yalisaidia, ila hayakufika tumboni. Watu waliacha kumwita yule mama mchawi, wakawa wanamsalimia vizuri sana, na bado maandazi yake hawakuyanunua. Mtu anaweza kukubali kwamba fulani si mchawi, na mkono wake ukakataa kupokea chakula chake. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubishana naye.

Siku ya gulio nilikwenda mashineni asubuhi, nikachukua dumu tupu, nikaligeuza, nikalikalia karibu na beseni lake. Nikanunua andazi nikala taratibu, mbele ya watu. Nikanunua la pili. Yule mama alinivumilia kidogo, kisha akasema, "Umekaa hapo kama polisi. Unanifukuzia hata hao wachache."

"Ni wateja gani hao ninaowafukuza?" nikamwuliza.

"Na unatafuna kwa kelele."

Nilirudi gulio lililofuata, na lililofuata. Alinisema kila mara. Nilikula maandazi mengi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na mke wangu alinikataza chakula cha mchana siku hizo. Gulio la nne alikuja mama mmoja kijana kusaga mahindi, ana mtoto mgongoni. Alisimama akitutazama sote wawili, akanisalimia, nikaitikia marahaba.

"Babu, ni matamu?"

"Ni ya kawaida," nikamjibu.

"Kama ni ya kawaida inuka hapo uondoke," akasema yule mjane.

Mama kijana akacheka. Akanunua matatu. Mawili akayafunga kwenye kanga, na la tatu akalimega, akapitisha kipande nyuma ya bega mpaka kwenye mkono wa mtoto, hadharani, mbele ya foleni yote ya mashine. Mtoto akakitia mdomoni. Wanawake kwenye foleni wakatazama, na mmoja wao akaanza kufungua fundo la kitenge chake alimoweka pesa.

Mjane hakunishukuru. Aliniambia nisogeze dumu langu, nimeziba njia. Nikalisogeza, nikakaa tena.