Pikapu ya Marehemu Baba Ilipoinuliwa Bodi

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito huko kwetu Mgeta, nimebanwa ndani ya pikapu katikati ya kaka yangu Kosmasi na mjomba wetu, na honi ikalia bila mkono wa mtu kuigusa. Nakusimulia kwa sababu umesema unataka kuinua bodi ya pikapu yako. Sitakukataza. Sogeza kiti tu unisikilize, maana masikio yangu bado mazima lakini sauti imeanza kunipungukia.

Pikapu ile aliinunua baba yetu akiwa mtu mzima tayari. Ilikuwa ya dizeli, yenye turbo, na ikipanda mlima ilitoa mluzi mwembamba uliosikika ng'ambo ya bonde kabla hujaiona yenyewe. Chini ya nyumba yetu palikuwa na kona kali kuliko zote za njia ile, kona ya kuzungusha usukani mpaka mwisho. Baba akifika pale alipiga honi mara mbili, fupi fupi, na mama akijua mumewe yuko chini aliteleka maji ya kuoga. Ilikuwa hivyo miaka yote. Kisha baba akaugua kifua msimu wa baridi, akafariki, na pikapu ikabaki mikononi mwa Kosmasi.

Mimi wakati huo nilikuwa binti mkubwa, nafanya biashara ya kabichi na karoti. Tulipakia mzigo Nyandira, tukashuka nao kupitia Langali, tukatokea upande wa Mzumbe hadi sokoni Morogoro mjini. Barabara unaijua. Wakati huo ilikuwa mbaya zaidi. Mvua zikinyesha, mawe yalichomoza njiani kama meno, na pikapu ikawa inayakwangua kwa tumbo mpaka unasikia uchungu wewe uliyekaa ndani.

Ndipo Kosmasi akaipeleka kwa fundi mmoja huko Kihonda, Morogoro mjini, aiinue bodi. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Watu hudhani linainuliwa gari zima, kumbe sivyo. Chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, inabaki palepale pamoja na injini. Fundi alifungua bolti zinazoshika bodi, akaipandisha kwa jeki taratibu, akaweka vipande vya mpira mgumu kati ya bodi na chesisi, kisha akafunga kwa bolti ndefu zaidi. Hapo matairi makubwa yakapata nafasi, na hayo matairi ndiyo yaliyolinyanyua tumbo kutoka kwenye mawe. Lakini, mwanangu, viko vitu vinavyotoka kwenye bodi kwenda chini, na vilishazoea urefu wake wa zamani. Nyaya zilivutika. Chuma cha usukani kikawa kifupi, ikabidi fundi akiunge kwa kipande kingine na kukifunga kwa bolti.

Alipomaliza akamwambia Kosmasi, "Ukishabeba mizigo kidogo bolti zinakaa upya. Nirudishie nizikaze tena. Usicheleweshe."

"Nitarudi," Kosmasi akajibu, na ninaamini alikusudia.

Safari ya kwanza ya kurudi nyumbani ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka taa zikawa hazimuliki mbali. Tulipanda tukisikia ule mluzi wa turbo ukitutangulia mbele kwenye weupe. Tulipofika kwenye kona chini ya nyumba, Kosmasi akazungusha usukani kwa mikono miwili, na honi ikalia. Fupi. Ikanyamaza. Ikalia tena, fupi.

Nilimtazama nikidhani ananichokoza. Uso wake ulinitosha kujua kwamba hapana.

Tulipofika uani mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, na nyuma yake sufuria ya maji iko motoni inafuka mvuke. Tangu baba azikwe hakuwahi kuteleka maji saa ile.

"Nimemsikia," akasema.

Hakusema nimewasikia.

Kuanzia hapo honi ililia kila tulipopita kona ile, tukipanda na tukishuka. Safari nyingine ililia mara moja, nyingine kwa muda mrefu kama mtu anayelalamika. Abiria waliokaa juu ya mizigo walikatiza mazungumzo, wazee wakavua kofia, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Wapo waliosema marehemu amekasirika, gari lake limekatwakatwa. Wapo walioacha kupanda kabisa. Halafu ukaanza mlio mwingine, huo tuliusikia sisi wa mbele tu: tak, tak, chini ya miguu ya Kosmasi, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Hakuna aliyeutaja. Kosmasi aliongeza sauti ya redio.

Na mama, mwanangu, alikuwa amerudi kuwa mtu. Alianza kula. Alianza kucheka na majirani. Alitoa kikombe cha baba kabatini akakiweka mezani. Siku moja nilimwambia Kosmasi airudishe pikapu kwa fundi kama alivyoagizwa. Akaniuliza, "Akiinyamazisha hiyo honi, utamwambia nini mama?" Tukaendelea kushuka na kupanda, na kile kidole kikiendelea kubisha.

Sasa asubuhi ile ninayokuambia, mjomba Benedikto alitaka kushuka mjini kutazamwa macho. Alikuwa kaka yake mama, na kwetu Waluguru unajua mjomba ni nani. Akisema, limesemwa. Yeye ndiye aliyeongoza matambiko ya ukoo, yeye ndiye aliyetuzikia baba. Magari hakuyajua, hata mlango wa pikapu tulimfungulia sisi. Tukamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba wanangu," akaketi dirishani, fimbo kati ya magoti.

Tukaondoka na mzigo wa kabichi na watu saba au wanane juu yake. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, mto tukiusikia chini lakini hatuuoni. Tulipoingia kwenye kona, honi ikalia. Safari hii haikukatika. Ililia mpaka tukamaliza kona, na kule juu mwanamke mmoja akaanza kusali kwa sauti.

"Simama," mjomba akasema.

"Mjomba, hapa si mahali pa kusimama."

"Kosmasi. Simama."

Akasimama. Mtu mmoja akaruka kuweka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele. Mjomba hakushuka. Aliuliza akitazama mbele kwenye ukungu, "Nani amepiga honi?"

Kosmasi akasema kwa sauti ndogo, "Watu wanasema ni baba."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi pia nasema ni baba."

Nilidhani mjomba atafoka, au atatuambia tukatafute kuku wa tambiko. Yeye akasema, "Sikuambii kwamba si yeye. Mimi sijui. Lakini baba yako akikuita kila siku, asubuhi na jioni, mahali palepale, wewe mtoto wake huendi kuangalia anakuitia nini?"

Akageuka akanitazama na mimi. "Na wewe? Na hao wa juu? Wote mnasikia, wote mnaogopa, na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme. Ingia chini, Kosmasi."

Kosmasi akaingia chini ya pikapu. Tuliona miguu yake tu. Miguu ile ikatulia, ikawa haisogei kabisa, mpaka nikaita jina lake. Alipotoka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamka kutoka kwenye homa. Akaniambia nichungulie. Pale chuma cha usukani kilipoungwa, nati haikuwepo. Ilishadondoka zamani, Mungu ajuaye wapi. Bolti yenyewe ilikuwa imetoka karibu yote, imebaki ncha, inachezacheza ndani ya tundu lake. Hiyo ndiyo ilikuwa inabisha hodi. Na waya wa honi, uliovutwa bodi ilipopandishwa, ulikuwa unasagwa na kile kipande cha kuungia kila usukani ulipozungushwa mpaka mwisho, umechunika ukabaki shaba tupu.

Kona iliyokuwa mbele yetu ilielekea moja kwa moja kwenye korongo.

Watu wakateremka bila kuambiwa. Kosmasi akafungua betri, akazichomoa nyaya zake zote mbili, akaziweka kando. Pikapu ikawa chuma kimya kabisa. Tulikuwa tumesimama vile, ndipo tukasikia kutoka nyuma yetu kule juu, ndani ya ukungu, honi. Fupi. Kisha tena, fupi.

Tukasogea pembeni kuliachia njia gari linaloshuka. Tukangoja. Mto uliendelea kuvuma chini. Hakuna gari lililokuja, wala mluzi wa injini, wala taa. Ukungu ulipoanza kupanda tuliiona barabara yote hadi nyumbani kwetu, tupu.

Macho yote yakamwendea mjomba. Akafuta uso kwa kiganja. "Hilo silijui," akasema. "Bolti tunaijua. Tushughulike na bolti."

Kosmasi alishuka kwa miguu mpaka alipopata usafiri, akarudi na fundi siku hiyohiyo. Fundi hakumsema. Alifunga bolti mpya na nati ya kujikaza, ile isiyolegea kwa mtikisiko, akapitisha waya njia nyingine, kisha akazizungukia bolti zote za bodi, na kwa kweli nyingi zilikuwa zimelegea. Pikapu ile ilifanya kazi miaka mingi baadaye, imeinuka vilevile, bila kosa.

Lakini mjomba hakwenda kutazamwa macho. Alirudi kupanda kwa dada yake, nami nikamfuata. Akamweleza mama yote bila kuficha, na kwamba honi haitalia yenyewe tena. Nilijiandaa kumshika. Mama aliketi, akanitazama mimi, siyo mjomba.

"Mlijua kuna kitu kinagonga?"

"Tulisikia, mama."

"Na mkanyamaza kwa ajili yangu?" Akainuka. Sijawahi kumwona na hasira ile. "Mlidhani nataka honi kuliko wanangu? Nimeshazika mume. Mlitaka niwazike na ninyi wawili, halafu mseme mlinihurumia?"

Maneno hayo, mwanangu, yaliniingia kuliko ya mjomba.

Basi inua bodi ya gari lako kama unaona njia yako inakudai hivyo. Ila ukikibadilisha kitu kimoja, vitazame na vyote vilivyoungana nacho. Fundi akikuambia rudi, rudi, hata kama mzigo unakungoja. Ukisikia jambo linalokutia hofu, liseme siku hiyohiyo kwa sauti, usilifunike na redio, wala usimbebeshe marehemu kazi ya kukulinda wakati wewe una macho na mikono. Na usiwafiche unaowapenda hatari ukidhani unawahurumia. Waulize kwanza wanachokipenda zaidi. Yako mambo duniani ambayo hutayajua, na hayo yaache yalivyo. Yale unayoweza kuyashika kwa mkono, yashike.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, mwanangu. Akupe masikio yanayosikia na ulimi usioogopa. Uende salama, ufike salama, na wanaokungoja wakuone ukiingia uani kwa miguu yako mwenyewe. Amina.