Mgeni Asiyependa Mafuta

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Pasiansi aliingia mgeni ambaye hatukuruhusiwa kumtaja jina. Leo namtaja waziwazi: surua. Lakini Bibi, mama yake baba, alikuwa amevuka ziwa kutoka kisiwani, Nansio, kuja kumuuguza mdogo wangu Deo, na kwake neno hilo halikutamkwa ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Alisema mgeni amemtembelea mtoto. Mgeni huyo anaheshimiwa, kwa sababu akikasirishwa anarudi ndani ya mwili, na akirudi ndani anaua.

Heshima yenyewe ilikuwa na masharti mengi. Dirisha la chumba lilizibwa kwa blanketi, maana mgeni hapendi mwanga. Sindano ilikuwa mwiko mkubwa kuliko yote. Nyama, samaki na mafuta vilikuwa mwiko pia. Deo alikunywa uji mwembamba tu, na sisi wengine tulikatazwa hata kukaanga, harufu isije ikamfikia. Hiyo ilikuwa miaka ambayo viwanda vya samaki vilikuwa vinaota mjini kama uyoga, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, tukiyakaanga kila jioni. Baba alifanya kazi katika kimoja cha viwanda hivyo. Bibi alimlazimisha aoge uani na kubadili nguo kabla ya kuvuka kizingiti, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, alioga uani bila ubishi. Nilicheka, nikafinywa.

Aliyeruhusiwa kuingia kwa mgonjwa ni mtu aliyekwisha kuugua ugonjwa huo. Bibi alikuwa ameugua, nami niliugua nikiwa mdogo, kwa hiyo mgeni alitufahamu. Mama hakukumbuka kama aliwahi kuugua, akazuiwa. Alikaa nje ya mlango wa chumba cha mwanawe, akimsikiliza anavyokohoa, na kila nilipotoka aliniuliza kwa macho tu. Mama yangu hakuwa mtu wa kumbishia mama mkwe.

Bibi naye alikuwa na hofu yake, na hakuificha. Binti yake wa kwanza, shangazi yetu Veronika, alipofuka akiwa mtoto mdogo baada ya mgeni huyohuyo kumpitia. Tulimjua shangazi kama mwanamke anayeshikwa mkono kwenda kila mahali. "Mgeni akiondoka vibaya," Bibi aliniambia, "anaondoka na macho." Ndiyo maana alikazana na giza, na ndiyo maana kila asubuhi alimpangusa Deo kope kwa maji ya uvuguvugu, polepole sana. Nilimwogopa Bibi, lakini katika jambo hilo nilimwamini kabisa.

Vipele vilikuwa vimeanza kunyauka na sote tulidhani tumevuka. Jioni moja, giza likianza kuingia, Bibi aliwasha koroboi na kuiweka kwenye kigoda karibu na mkeka, nami nikaingia na kikombe cha uji. Nilimwambia Deo ashike. Mkono wake ulipita pembeni ya kikombe, ukanigusa kiwiko, ukapapasa hewani. Nilidhani ananitania, kwa sababu Deo alikuwa bingwa wa utani, nikamwambia aache ujinga.

"Dada," akasema, "mbona hamjawasha taa?"

Koroboi ilikuwa inawaka mbele yake. Niligeuka nikamwona Bibi amesimama, ameshika ukuta. Aliichukua ile taa, akaipitisha taratibu kulia na kushoto mbele ya uso wa mtoto. Macho ya Deo hayakuifuata. Bibi alirudisha taa mahali pake na kunituma nje, na sauti aliyonitumia haikuwa ya kwake.

Nilimweleza mama palepale mlangoni. Sijui kama mtoto wa umri wangu alipaswa kubeba habari ile, lakini hapakuwa na mwingine wa kuibeba.

Asubuhi Bibi alikuwa jikoni anakamua majani kwenye kibakuli. Maji yake yalikuwa ya kijani kibichi na yaliwasha pua hata kwa mbali. Alitaka kuyatia machoni. Mama alisimama kwenye mlango wa chumba, safari hii yeye ndiye anayezuia.

"Mama, hiyo naomba usimtie," alisema. "Nampeleka kituo cha afya."

"Watamchoma sindano."

"Twende wote. Wakitaka kumchoma, utawakataza wewe."

Nadhani ni ile "wewe" iliyomlainisha. Bibi aliangalia kibakuli chake, akakifunika kwa sahani, akaenda kuvaa viatu. Tulitembea hadi kituoni, Deo mgongoni kwa mama akiwa amefunikwa kanga hadi kichwani, na mimi nilikuwa naomba kila mtakatifu niliyefundishwa Jumapili.

Muuguzi aliyetupokea alimwamkia Bibi shikamoo, na Bibi, kabla hata ya kumaliza marahaba, alitangaza kwamba mtoto huyu hachomwi. Muuguzi alimulika macho ya Deo kwa tochi. Yalikuwa makavu, hayana ule mng'ao wa macho ya mtoto. Akasema hachomwi, anatiwa matone mdomoni, na inabidi yatiwe sasa hivi. Akatoa kidonge laini kama tumba dogo, akakata ncha yake kwa mkasi. Bibi alinyoosha shingo, akanusa.

"Hiki ni nini?"

"Ni mafuta, Bibi. Yana vitamini A, ile inayopatikana kwenye maini ya samaki."

Mafuta, tena ya habari za samaki. Nilitazama uso wa Bibi nikajua tunarudi nyumbani kwenye kile kibakuli. Mama alifumba macho. Muuguzi alibaki na kidonge mkononi, na Deo akaanza kukohoa.

Kwa desturi ya Bibi, mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla ya kukionja mwenyewe, ili mgeni ajue hakina sumu. Alinyoosha kidole. Muuguzi alielewa haraka kuliko mimi. Akamgusisha ile ncha iliyokatwa, na Bibi akalamba kidole chake. Alingoja kidogo. Kisha akampokea Deo kutoka kwa mama, akamkalisha mapajani, akamshika mashavu hadi mdomo ukafunguka.

"Mtie," alisema.

Baadaye sana nilielewa kilichotiwa mle mdomoni. Surua hufuja akiba ya vitamini A mwilini, na bila hiyo utando laini wa macho, koo na mapafu hukauka na kufunguka kwa vijidudu vingine, huku chembe za damu zinazopigana na maradhi zikikosa nguvu. Matone hayaui surua. Yanaurudishia mwili uwezo wa kupigana nayo. Tulirudi kesho yake kwa matone mengine, na siku chache baadaye, jioni, Deo alilalamika kwamba koroboi inamuumiza macho. Mama alilia kwa sauti hadi majirani wakaja.

Tuliporudi kituoni kwa matone ya mwisho, Bibi alimuuliza muuguzi, kwa sauti ya chini, kama mtoto mwenye mgeni angeweza kula maini ya samaki yenyewe. Muuguzi, bila kujua anaulizwa nini, akasema angeweza, tena yangemfaa. Njiani Bibi alisimama ghafla. "Kwetu ziwani tulikuwa tunawatupia paka," alisema. "Veronika aliyalilia, nikamnyima."

Hakuna anayeweza kusema kama maini yale yangemwokoa shangazi. Surua inaweza kumaliza akiba haraka kuliko chakula kinavyoirudisha. Lakini Bibi hakuwa na wa kumwambia hivyo, na alitembea mbele yetu hadi nyumbani bila kugeuka.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kwa kuchekesha watu: bibi wa kisiwani, mwiko wa mafuta, baba anaoga uani. Siku hizi, nikiwa na watoto wangu, sichekeshi nacho. Bibi alikuwa amelipia mwiko ule kwa macho ya binti yake, na kuuacha kulikuwa sawa na kukiri kwamba alilipa bure. Nafikiri alianza kulihisi hilo palepale, kidole kikiwa bado mdomoni, kabla hajauliza habari za maini. Na bado alimfungua mjukuu wake mdomo kwa mikono yake mwenyewe.