Nani Alifunga Kamba ya Pazia?

Juzi, kwenye meza ya vitabu vilivyotumika pale Shanwe, nilikiona kile kitabu cha upelelezi, kurasa zake zote zikiwepo. Nilikinunua, nikaomba kukaa kwenye benchi la fundi cherehani aliye jirani na meza ile.

Ujue, nakala yetu ya utotoni haikuwa na mwisho. Tuliishi Mpimbwe, na jioni bibi alipeta mchele uani huku nikimsomea kwa sauti. Ungo ulichakacha, pumba zikaniwasha shingoni, maharage yakatokota jikoni. Hadithi ilihusu jumba la maigizo: mwigizaji mashuhuri wa kike anakutwa amekufa nyuma ya jukwaa mara tu baada ya onyesho. Nikasoma, "Pazia likaanguka, watu wakapiga makofi."

Ungo ukanyamaza.

"Lilianguka? Nani alifunga kamba?"

Pazia alilolijua bibi ni lile lililotenga kitanda chake na sebule, limetundikwa kwenye kamba ya katani. Likianguka, kuna mtu kafunga vibaya. Nilimweleza kwamba kule pazia hushushwa kwa makusudi mchezo ukiisha.

"Kalegeza kamba ili watu watazame pazia, yeye akaue. Mkamateni huyo."

Nikasema mwandishi hakuandika hivyo. Akanijibu kama alivyoijibu redio ikitabiri mvua isiyokuja: "Basi naye kadanganywa."

Jirani mfugaji, aliyekuja kutuletea maziwa, alicheka. "Bibi, mwanamke akiuawa, anza na mume."

"Ungekuwa polisi wewe, wanaume wote nyie mngekuwa ndani."

"Na wewe ungemfunga hata fundi wa mapazia!"

Kisha kurasa zikakatika. Zilizobaki zilichanwa kabla kitabu hakijatufikia. Tangu hapo, kila niliporudi likizo, kabla hata ya habari za shule, bibi aliuliza, "Mwisho umeupata?" Aliuliza hata alipokuwa hawezi tena kushika ungo. Alizikwa kabla sijaupata.

Sasa nilikuwa nao mkononi. Nikausoma taratibu. Muuaji ni mume. Mfunga pazia hakupewa hata jina.

Uani kwetu pamejengwa vyumba vya kupangisha. Jirani alishahama na ng'ombe wake, hata ushindi wake hakuupata.

"Dada, kinasemaje?" fundi akaniuliza, macho kwenye sindano.

"Kinasema aliyeua ni mume," nikamjibu, nikikifunga. "Ila aliyekiandika naye kadanganywa."